Pipa, Brashi na Injini Chafu za Nyeri

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye banda la kuoshea vyuma, nilidhani kuna kitu kinaungua. Moshi ulikuwa umetanda hadi kwenye mabati, pipa lilikuwa likitokota juu ya mafiga, na mzee mmoja mwembamba mwenye buti za mpira alikuwa akikoroga ndani kwa mti mrefu, kama mtu anayesonga ugali wa arusi. Nilirudi nyuma kidogo. Mzee hakuinua kichwa.

"Ukikimbia sasa," alisema, "utakuwa umekimbia mapema kuliko wote waliokutangulia."

Sikukimbia. Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi mliobaki pale karakana mmenisumbua sana niandike jinsi mambo yalivyokuwa. Haya, naandika. Habari za vyeo sitazisimulia, kwa sababu nilikuwa na cheo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Za mshahara pia sitazisimulia, kwa sababu mshahara wa muosha vyuma haujawahi kuwa hadithi nzuri. Nitasema habari za kazi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa naishi Kiganjo na mume wangu, baba Kamau, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mimi nilikuwa nafua nguo za watu. Miongoni mwa nguo hizo zilikuwamo ovaroli za mafundi wa karakana ya Bwana Ramesh pale mjini Nyeri. Ovaroli hizo zilikuja zikiwa zimesimama zenyewe kwa grisi, na mimi nilizirudisha zikiwa zimelala kama nguo nyingine. Siri ilikuwa ndogo tu: nilizilaza kwanza kwenye magadi na maji ya moto, kisha nikazisugua na majivu.

Siku moja Bwana Ramesh alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na familia yake ilikuwa na karakana ile tangu siku za baba yake.

"Mama Kamau," aliniambia, "wewe unatoa grisi kwa nguo. Kwa chuma utashindwa?"

"Chuma hakipauki," nikamjibu. "Hiyo itakuwa rahisi."

Mtaona jinsi nilivyokosea.

Mzee wa pipa aliitwa Gachanja. Alikuwa ameosha injini tangu zamani za wakoloni, na watu walisema angeweza kutaja ugonjwa wa lori kwa kunusa oili yake. Asubuhi ile alinipa konrodi moja, yaani kile kipande cha chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ilikuwa nyeusi tititi, imefunikwa na oili iliyoungua ikawa ngumu kama lami ya barabara. Alinipa mafuta ya taa kwenye karai, brashi ya waya, na kipande cha mti mgumu kilichochongwa kama patasi.

"Osha," akasema, akaenda zake.

Niliosha kama ninayemwandaa mtoto kwa ubatizo. Nilisugua, nikakwangua, nikasugua tena, hadi chuma kikang'aa. Nilimpelekea kwa mikono miwili. Mzee Gachanja aliigeuza mara moja tu, akatoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaiingiza kwenye tundu dogo ambalo mimi nilikuwa hata sijaliona. Njiti ilitoka ikiwa na uji mweusi.

"Umeosha uso wa mtoto," alisema, "ukasahau masikio."

Kisha alinionyesha. Injini haijali uso wake. Inaishi kwa oili inayopita ndani, kwenye vijia vyembamba ambavyo jicho haliwezi kufuata. Nje pakiwa pachafu, gari litakwenda tu, litakuwa na sura mbaya, kama wengi wetu. Lakini ndani pakiziba, chuma kitasagana na chuma kingine hadi vyote viwili vife. Siku ile nzima niliisugua konrodi ile ile. Jioni nikiwa njiani kurudi Kiganjo, mikono yangu ilikuwa inanuka mafuta ya taa hata nilipokula viazi nilihisi nakula taa.

Niwaambie jinsi tulivyofanya, kwa sababu nyinyi mmekuta mashine ya kunyunyiza dawa na mnafikiri imekuwapo tangu uumbaji. Kwanza tulikwangua grisi ile nene kwa mti, si kwa bisibisi, maana bisibisi huacha mikwaruzo. Kisha kipande kililala kwenye karai la mafuta ya taa hadi uchafu ulainike. Petroli Mzee Gachanja aliikataza kabisa. Alisema petroli inaosha vizuri sana, inaosha hadi nyusi. Yale makubwa ya chuma cha kalibu, kama bloku na silinda hedi, yaani mwili na kichwa cha injini, yalishushwa kwa mnyororo kwenye pipa la magadi makali ya viwandani tuliyoyaita kostiki, yakichemka. Yakitoka, tuliyasuuza kwa maji ya moto, tukayasuuza tena kwa maji safi, tukayapuliza kwa hewa ya kompresa, na papo hapo tukayapaka oili nyepesi. Chuma kilichotoka kuoshwa kiko uchi. Ukikiacha hivyo ukaenda kunywa chai, utarudi ukute kimevaa kutu.

Valvu tulizipanga kwenye ubao wenye mashimo, kila moja mahali pake. Mifuniko ya beringi tuliirudisha kwenye konrodi yake baada ya kuosha, tukafunga na waya, maana vyuma vilivyozoeana havipendi kubadilishiwa wenzao. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, tulilijaza birika kubwa la saruji lililokuwa kando ya pipa. Maji safi, hadi ukingoni. Nilimuuliza Mzee kwa nini, na birika lile hatulitumii kusuuza kitu.

"Hayo ni ya watu," akasema. "Si ya chuma."

Jambo jingine alilonifundisha mapema ni kwamba kostiki na alumini ni maadui. Chuma kigumu kinaoga humo na kutoka salama, alumini inaliwa. Tulikuwa tumewaambia wateja wote. Lakini alikuja mtu mmoja kutoka Kangema, mwenye gari la kubeba majani ya chai, mwenye haraka na mwenye kujua kila kitu. Kabureta yake, ya alumini, ilikuwa imeziba. Mzee alimwambia asubiri, tutaiosha kwa mkono. Yule bwana aliona pipa linachemka, akaona sisi tumeinama kwenye kazi nyingine, akaamua kujihudumia mwenyewe. Aliifunga kabureta kwa waya, akaitumbukiza.

Tuliposikia pipa linafoka kama chungu cha maziwa, tuliruka. Mzee alichukua koleo, akavuta waya. Kilichobaki kwenye waya kilikuwa kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

"Iko wapi?" yule mtu akauliza.

"Imeoshwa," Mzee akamjibu.

"Nauliza iko wapi!"

"Imeoshwa yote."

Mtu yule alikaa kwenye gogo kwa muda mrefu. Baadaye alicheka mwenyewe, na kwa miaka mingi alituletea kazi zake, ila kila alipofika alisimama mbali na pipa na mikono yake mfukoni.

Nilijifunza kazi na Mzee Gachanja kwa misimu mingi ya kahawa. Alikuwa hasifu. Ukifanya vizuri, alinyamaza. Ukifanya vibaya, alitia mithali. Nilijua nimepita mtihani siku alipoanza kuniachia silinda hedi bila kurudi kukagua. Mafundi wa kufunga injini, hasa Kariuki, aliyekuwa mkubwa wao, walianza kusema, "Hiyo imepita kwa Mama Kamau? Basi lete." Sitajifanya kwamba sikufurahia kusikia hayo. Nilifurahia sana.

Kisha ikaja siku ya mnyororo.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu wa mlima umeteremka hadi kwenye bati. Mzee alikuwa anashusha bloku ya lori ndani ya pipa. Ndoana ya mnyororo ilikuwa imechakaa ndani, mahali ambapo macho hayafiki, na hakuna aliyejua. Ilikatika bloku ikiwa imeshakaribia uso wa maji. Kostiki iliruka kama wimbi. Nyingi iliangukia aproni yake ya mpira, lakini tone moja kubwa liliingia katika jicho la kushoto.

Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile. Alijishika uso kwa viganja vyote viwili, akaanza kuzunguka kama kipofu. Nilimkamata kiunoni, nikamburuta hadi kwenye birika la saruji, nikamzamisha kichwa. Alipambana na mimi. Alikuwa mwembamba lakini alikuwa na nguvu za mtu wa kuinua bloku. Nilimtoa mikono usoni, nikalifungua jicho kwa vidole vyangu, nikawa namwagia maji kwa kopo, juu ya jicho lile lililo wazi, bila kuacha.

"Niache! Wairimu, niache!" Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. "Unaniua!"

"Fungua jicho, Mzee. Fungua."

"Inatosha!"

"Haijatosha."

Kariuki alikuja mbio na ndoo, akawa anajaza birika huku mimi namwaga. Niliendelea hata baada ya Mzee kuacha kupigana, hata baada ya mikono yangu kufa ganzi. Bwana Ramesh alipoleta gari, niliendelea kumwagia maji mle ndani ya gari, viti vyote vikaloa, naye akazidisha mwendo. Hospitalini daktari alituuliza tulitumia nini kuosha na kwa muda gani. Nilipomweleza, alisema tu, "Vizuri," kisha akamchukua Mzee ndani.

Jicho halikupofuka. Lilibaki na utando, likawa linaona kama mtu anayetazama kupitia karatasi ya mafuta, lakini lilibaki. Mzee Gachanja alirudishwa kwao Mukurweini apumzike. Bwana Ramesh alibadilisha minyororo yote na ndoana zote, hata zile mpya. Kazi ya pipa nikaachiwa mimi, kwa muda, mpaka Mzee apone.

Hilo neno "kwa muda" lilikaa moyoni mwangu kama kokoto kwenye kiatu. Nilijua ninaweza kazi. Lakini kila nilipoinua kichwa nilitarajia kumwona amesimama nyuma yangu na ile njiti yake. Nilikuwa nashika kiti cha mtu aliye hai.

Katika kipindi hicho hicho ndipo ilipoletwa injini ya Endarasha.

Mnajua Kieni, kule kwenye nyanda kavu. Upande huu wa mlima mvua inanyesha hadi watu wanalalamika. Upande ule, wingu linapita juu kama mgeni asiye na shida na mtu. Mwaka ule lilipita hivyo msimu baada ya msimu. Huko Endarasha watu walikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya kuendeshwa na injini ya dizeli, na kisima hicho ndicho kilichobaki. Injini ilikuwa imegonga na kusimama. Fundi mmoja wa huko alibadilisha beringi, ikafanya kazi kidogo, ikagonga tena na kuunguza beringi zile zile. Basi wakaifungua kutoka kwenye msingi wake, wakaipakia kwenye lori, wakaileta Nyeri.

Hawakuileta tu wakaondoka. Walituma mtu wa kukaa nayo, mama mmoja aliyekuwa katika kamati ya maji, aliyeitwa Mama Muthoni. Alikuwa mrefu, amejifunga leso kiunoni kama anayekwenda kugombana. Alifikia kwa dada yake pale mjini, na kila asubuhi alikuwa mlangoni kabla hatujafungua.

Kariuki aliifungua injini. Ndani ilikuwa imejaa oili iliyoungua hadi ikawa kama makaa. Krenki ilipelekwa kusagwa uso kwa mashine, ikarudi laini. Beringi mpya zilikuwa tayari mezani. Kilichobaki ni kuosha kila kitu na kufunga, na Bwana Ramesh alikuwa amewaahidi watu wa Endarasha kwamba wataondoka nayo Jumamosi. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa nasuuza bloku wakati Mama Muthoni alipoingia bandani kwa mara ya kwanza. Alisimama. Hakuwa anatazama bloku. Alikuwa anatazama maji yanavyotoka chini yake, yakiteremka kwenye mfereji hadi nje.

"Hayo maji," alisema polepole, "unamwaga?"

Nilisimama na ndoo mkononi.

"Ni ya kusuuza, Mama. Yako na kostiki. Ng'ombe akinywa atakufa."

"Ng'ombe zangu zinakufa bila kostiki," akasema. "Moja nimeiacha imelala, haisimami. Nimemwachia mtoto ainyweshe na kijiko. Na hapa mnaosha chuma kama bibi arusi."

Akatoka. Nilimalizia kusuuza, lakini ndoo ile ilikuwa nzito kuliko nyingine zote nilizowahi kuinua.

Mchana nikaja kwenye krenki. Krenki, kwa wale ambao bado hamjaishika, ina vijia vya oili vilivyotobolewa kwa mshazari, kutoka mahali inapokalia hadi mahali konrodi inapoishika. Nilipitisha waya kwenye kijia cha kwanza, ukatokea upande wa pili. Kwenye kijia cha pili waya uliingia, ukafika mahali, ukagoma. Nilipuliza hewa. Ilipita, kwa sauti nyembamba ya kukoroma. Nikaziba upande mmoja kwa kidole, nikamimina mafuta ya taa. Kwenye kijia cha kwanza yalichuruzika. Kwenye cha pili yalitoka tone, yakafikiri, yakatoka tone jingine.

Nikaenda kwa Kariuki.

"Hii siwezi kukupa," nikamwambia.

"Ati nini?"

"Kuna kitu ndani."

Alikuja, akapuliza hewa mwenyewe. "Lakini inapita, Mama Kamau."

"Inapita kama mtu mwenye pumu anavyopumua. Ukifunga hivi, beringi hiyo hiyo itaungua tena."

Ili kufikia ndani ilibidi kutoa kizibo cha chuma kilichofungwa mwishoni mwa kijia, na kizibo hicho kilikuwa hakijaguswa tangu injini ilipotengenezwa. Kikikatika ndani, krenki imekwisha, na krenki nyingine ya aina ile haikuwa karibu. Kariuki alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana alikuwa anajikuna kichwa.

Mama Muthoni alikuwa amesikia. Alikuja kwa hatua ndefu. "Kesho injini inatoka ama haitoki?"

"Haijakuwa safi, Mama," nikamwambia.

"Safi ya nini? Kwani tunaila? Mtu anataka maji, wewe unataka kung'arisha!" Sauti yake ilikuwa imepanda hadi mafundi wote wakasimama. "Wewe uko na mfereji wa maji kwako. Ndiyo maana huna haraka."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nilikuwa na mfereji. Kiganjo maji yalikuwa yanatiririka. Bwana Ramesh alitoka ofisini, akatutazama mmoja mmoja.

"Kariuki?"

"Hewa inapita, Bwana," Kariuki akasema. Akanielekezea kidole. "Lakini yeye ndiye ameangalia ndani. Mimi nimesikiliza tu."

"Mama Kamau, una uhakika?"

Hapo nilitamani Mzee Gachanja awepo, ili aulizwe yeye. Hakuwapo. Nilikuwapo mimi na krenki.

"Nina uhakika," nikasema. "Ikitoka hivi, itarudi."

Bwana Ramesh alitikisa kichwa kwa kukubali. "Basi itatoka ikiwa tayari," akasema, akarudi ndani kuwapigia simu watu wa lori.

Nilimgeukia Mama Muthoni. Alikuwa bado amekunja ngumi. Sikumwambia atulie, maana hakuna mtu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa. Nikamwambia, "Njoo ushike karai. Usinisikilize mimi. Tazama mwenyewe."

Nilimwekea karai chini ya krenki, nikamimina mafuta ya taa kwenye kijia kizima, akaona yanavyochuruzika. Nikamimina kwenye kile kibovu. Tone. Alisubiri. Tone.

"Hiyo ndiyo oili ambayo injini yenu imekuwa ikinywa," nikamwambia.

Alilitazama lile tone kwa muda. "Kwa kijiko," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akajifunga leso upya. "Sasa tunafanya nini?"

Tulilaza krenki ndani ya mafuta hadi Jumamosi asubuhi. Kariuki akaja na taa ya kuchomea, akakipasha moto kizibo polepole, mimi nikikidondoshea nta ya mshumaa ipenye kwenye nyuzi zake, tukaacha kipoe, tukarudia. Mama Muthoni alishikilia krenki kwa mikono yote miwili isizunguke, uso wake karibu na chuma cha moto. Kariuki alivuta spana taratibu sana, kama mtu anayemtoa mtoto jino. Kikagoma. Akavuta tena. Kikalia kwa sauti kali, na mimi nikafumba macho nikidhani kimekatika.

Kilikuwa kimegeuka.

Ndani palikuwa na donge jeusi, gumu kama jiwe. Nilikaa chini na keekee ya mkono na waya, nikaanza kukwangua kidogo kidogo, nikitoa unga mweusi, nikiosha, nikikwangua. Mwishoni kilitoka kitu kama kipande cha kamba. Nilikilainisha kwenye mafuta, nikakifungua kwa vidole. Ilikuwa pamba ya kufutia mikono. Mtu fulani, zamani sana, aliziba tundu lile wakati wa kazi ili uchafu usiingie, kisha akasahau kuitoa, na oili ikaioka humo ndani mwaka baada ya mwaka. Sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa fundi mzuri tu aliyeitwa chai.

Nikamimina mafuta ya taa. Yalichuruzika, uzi mzima usiokatika, yakagonga karai kwa sauti. Mama Muthoni alipiga kelele moja ya furaha iliyowafanya watu wa barabarani wachungulie. Kariuki alichukua krenki, akaibeba mwenyewe hadi mezani kwake.

Ilifungwa, ikapakiwa Jumatatu, na Bwana Ramesh akasema niende nao, kwa kuwa mimi ndiye niliyekataa. Nilikaa mbele ya lori, kati ya dereva na Mama Muthoni. Kadiri tulivyokwenda ndivyo ardhi ilivyobadilika rangi, hadi tulipofika Endarasha majani yalikuwa ya kijivu na vumbi lilikuwa linatembea peke yake. Watu walikuwa wamekwisha kufika kisimani na mitungi, na ng'ombe walisimama nyuma yao wakiwa kimya. Ng'ombe wengi vile, na kimya vile. Sijasahau.

Kariuki aliifunga kwenye msingi wake, akaunganisha mkanda wa pampu, akazungusha mpini. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikakubali. Nilitega sikio kwa ule mlio wa zamani wa kugonga. Haukuwapo. Injini ilikuwa inazungumza kwa sauti moja, nzito na ya kuridhika. Bomba lilitoa hewa, likatoa tope la rangi ya kahawia, watu wakarudi nyuma. Kisha maji yakatoka meupe.

Mama Muthoni hakungoja foleni, na hakuna aliyemwambia angoje. Alichota ndoo, akaondoka mbio kuelekea nyumbani kwake, nami nikamfuata na ndoo ya pili. Ng'ombe wake alikuwa amelala kivulini pa ghala, mbavu nje, mtoto amekaa kando na kijiko. Mama alimwekea ndoo chini ya pua. Ng'ombe alinusa kwanza. Kisha akaingiza mdomo wote, akavuta, na ile sauti ya kuvuta ilitufanya sote watatu tuanze kucheka bila sababu. Ng'ombe hakusimama siku ile. Nililetewa habari baadaye kwamba alisimama. Mwingine wake alikuwa ameshakufa kabla hatujafika, na hilo Mama Muthoni hakuniambia. Nililiona mwenyewe nyuma ya boma, ngozi imewambwa juani. Hakunilaumu kwa ile Jumamosi wala Jumapili. Alinipa viazi vya kupanda kwenye gunia dogo, mbegu nzuri, akasema, "Wewe mama ni mgumu." Nimesifiwa mara kadhaa maishani, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka neno kwa neno.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilisafiri kwenda Mukurweini kumwona Mzee Gachanja. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba mahali pake pako, kwamba nimekuwa nikimshikia tu, na nilitaka kumwambia bila sauti yangu kubadilika.

Nilimkuta shambani, kofia imevutwa juu ya jicho bovu, anapogoa mikahawa yake. Mkewe alituletea uji. Nilimsimulia habari ya krenki tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa amegeuza upande wa jicho zima. Nilipofika kwenye pamba, aliacha kunywa.

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeusi, Mzee. Lakini katikati ilikuwa bado nyeupe."

Alicheka hadi uji ukamwagika. Kisha akatazama mistari ya miti yake ikiteremka bondeni.

"Bwana Ramesh anauliza utarudi lini," nikamwambia. "Mimi niko tayari kukupisha."

"Kunipisha wapi?" Aliokota mkasi wake wa kupogolea. "Hii mikahawa nilikuwa naiangalia Jumapili peke yake, kama mgeni. Sasa tumezoeana. Mwambie Bwana Ramesh asante, sirudi."

"Mzee, usikatae kwa ajili yangu."

"Wairimu, mimi nimewahi kufanya kitu kwa ajili ya mtu?" Akakata tawi moja, akalitupa. "Miezi hii maji ya asubuhi ni baridi, pipa linachelewa kuchemka. Kesho uende mapema."

Tulimaliza uji. Alinisindikiza hadi barabarani, akarudi kwenye miti yake.

Jumatatu nilikwenda mapema. Nimekwenda mapema hadi mwezi uliopita.